Video ni za Bure, Wateja ni wa Nani?

Leo sitaongea kuhusu namna ya kupata watazamaji wengi. Hiyo maneno imeongewa hadi imechoka, na kila mtu mwenye simu na ile taa ya duara ako na siri kumi za kukuuzia. Mimi nataka kuuliza swali lingine, na nawauliza hasa nyinyi mnaouza vitu: wewe wa viatu Rongai, wewe wa keki pale Kisumu, wewe wa mitumba unayefungua laivu kila jioni, na wewe jirani yangu hapa Sori unayetuma samaki Nairobi kwa basi la usiku. Ukurasa wako wa video ukifungwa kesho asubuhi, utampigia mteja gani simu?

Sitaki kukutisha. Ni hesabu tu. Hebu ifanye kabla hujaendelea kusoma. Mteja wa kwanza, jina lake na namba yake. Wa pili. Wa tatu. Wengi wenu mtafika wa tano mkwame, na wawili kati ya hao watano watakuwa ndugu zenu.

Kwa wale hawajui Sori iko wapi: ni mji mdogo kwenye ghuba ya Karungu, Nyatike, kaunti ya Migori, pale Ziwa Victoria linapoingia ndani kidogo kama limekuja kutusalimia. Ukipanda na barabara ya ziwa unaingia kaunti ya Homa Bay, unapita Magunga na Sindo mpaka Mbita. Ukishuka unafika Muhuru Bay na mpaka wa Tanzania. Hapa kwetu biashara kubwa ni samaki, na kwa akina mama wengi samaki maana yake ni omena.

Omena ina kalenda yake. Huvuliwa usiku kwa taa, na usiku mzuri ni ule usio na mwezi, kwa sababu samaki huifuata taa pale ambapo hakuna mwanga mwingine. Mwezi ukijaa, wavuvi wanapumzika au wanarudi na kidogo. Halafu kuna kufungwa: upande wa Kenya uvuvi wa omena kwa kawaida husimamishwa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Kwa hivyo Agosti ikifika, ufuo wote huwa na njaa ya pesa. Watu wamekopa ada, wamekopa unga, na wanangoja giza la kwanza.

Anti yangu, mdogo wa mama, anaanika na kuuza omena. Miaka yote aliuza kwa madalali wanaokuja na lori. Dalali ndiye anasema bei, na ukikataa anavuka hatua tatu kwa mama mwingine. Miaka miwili iliyopita nikaanza kumpiga video. Sikuwa na mpango mkubwa, nilikuwa na simu na asubuhi zangu zilikuwa bure.

Sasa, kuna kitu kimoja watu wa Nairobi wanalalamikia omena kuliko kitu kingine chochote, na ni mchanga. Unapika vizuri, nyanya, kitunguu, maziwa kidogo, halafu unauma kokoto. Omena ikianikwa chini ufuoni inabeba mchanga, huwezi kubishana na hiyo. Anti haaniki chini. Anaanika juu ya nyavu zilizoinuliwa kwenye miti, juu kufika kiunoni, na anazigeuza kwa mkono. Hiyo kazi hakuna dalali aliwahi kumlipia zaidi. Dalali anachanganya omena yake na ya kila mtu kwenye gunia moja, imeisha.

Video ndiyo ilimlipa. Mtu akiwa Kayole alikuwa anaona kwa macho yake: hizo nyavu, hayo mikono, jua la saa mbili, omena zinang'aa kama vijiko vipya. Anti anaongea kwa ile sauti yake ya kugombana ingawa hagombani. Sekunde arobaini. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa na wafuasi zaidi ya 11,000, na gorogoro zikaanza kupanda basi. Bei alikuwa anasema yeye. Nawaambia hivyo ili mtu asifikiri nimekuja kuponda mitandao ya bure. Mwanamke wa Sori hawezi kulipia tangazo la runinga. Hawezi hata kulipia la redio. Bila hizo video angekuwa bado anamsikiliza dalali.

Mwaka jana, wiki ya kwanza ya Agosti, giza limeingia, amenunua shehena kubwa kuliko zote alizowahi kununua, nusu kwa pesa ya chama. Jumatano asubuhi anafungua simu aweke video, anakuta maneno mawili matatu kwamba akaunti imefungwa kabisa kwa kukiuka kanuni za jamii. Mtandao wenyewe sitautaja, na haisaidii kuutaja, kwa sababu hii ingetokea kwa wowote ule. Kanuni gani? Hawakusema. Video gani? Hawakusema. Kulikuwa na kitufe cha kukata rufaa. Tukakata. Jibu lilikuja haraka sana, haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma: uamuzi umebaki ulivyo.

"Nyathina, nani amesema hivyo?" Anti akaniuliza. "Nipe namba yake niongee naye."

Nilipomwambia hakuna namba, kwamba pengine hakuna hata mtu, aliniangalia kama mimi ndiye nimefichwa kitu. Kwake haiingii akilini kwamba mtu anaweza kukufungia duka na hana ofisi. Hata askari wa kaunti akikufungia kibanda unajua pa kwenda kulia.

Hapa ndipo pale nataka mnisikilize vizuri. Video hatukupoteza. Zote nilikuwa nazo kwenye memori kadi, 94, na ndani ya siku chache tukawa tumezipandisha kwenye ukurasa mpya. Wiki ya pili ukurasa mpya ulikuwa na wafuasi 37, na nawajua wengi wao kwa majina kwa sababu tuliwabembeleza wenyewe kwa kikundi cha familia. Kazi yetu tuliirudisha yote. Watu ndio hatungeweza kuwarudisha. Wale 11,000 hatukuwahi kuwa nao. Tulikuwa tunaruhusiwa kuwaongelesha, na ruhusa ikaisha.

Na kuna aibu juu ya hasara. Kenya hii, muuzaji wa mtandaoni akipotea ghafla, watu wanasema nini? Wanasema ni tapeli. Hawasemi "pole, labda mfumo umekosea." Kuna mteja mmoja wa Umoja alikuwa ametuma pesa Jumanne usiku. Alhamisi akaingia kutazama ukurasa, hakuna ukurasa. Akamwambia dada yake amekulwa. Mzigo wake wakati huo ulikuwa ndani ya basi, umefungwa vizuri, na jina lake juu.

Jina lake juu. Hilo ndilo lilituokoa, na halikutoka kwenye simu. Ukituma mzigo kwa basi, ofisi inataka jina la anayepokea na namba yake, ili ukifika Nairobi apigiwe. Miaka kadhaa nyuma gunia moja la Anti lilipotea njiani na yeye hakuwa na ushahidi wowote. Tangu siku hiyo akaanza kuandika kila mzigo kwenye daftari la shule, lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Tarehe, jina, namba, gorogoro ngapi, amelipa au bado. Mwandiko wa kalamu ya buluu, kurasa zingine zinanuka samaki. Alikuwa anaogopa watu wa basi. Hakuwahi kuwaza mambo ya mtandao hata dakika moja.

Tulihesabu majina 143 bila kurudia. Tukapiga simu siku tatu, kwa zamu, moja baada ya nyingine. Mama mmoja wa Kayole akasema, "Kumbe bado upo? Nilidhani umeacha biashara." Mwingine hakumkumbuka Anti mpaka aliposikia ile sauti, akacheka, akaagiza gorogoro nne. Yule wa Umoja alikuwa ameshapata mzigo wake na alikuwa anaona haya. Kati ya 143, watu 58 waliagiza mwezi huo. Shehena iliyobaki dalali aliichukua kwa bei ya dalali, na ile iliyonyeshewa na mvua ya ghafla ikaenda kuwa chakula cha kuku, kwa sababu omena ikishika unyevu hakuna mtu anaila. Chama walilipwa, lakini waliochelewa kulipwa hawakufurahi, na mpaka leo kuna mama mmoja anamsalimia Anti kwa mbali.

Chukua hizo namba mbili uziweke kando kwa kando. Watu 11,000 kwenye ukurasa, na hakuna hata mmoja tuliyeweza kumfikia. Watu 143 kwenye daftari la shilingi chache, na 58 wakanunua.

Kuna rafiki yangu alisikia hii hadithi akasema ni bahati mbaya ya watu wadogo, kwamba ukiwa mkubwa hawakugusi. Sio kweli, na mfano wenyewe si wa mbali. Aprili 2022 chaneli ya YouTube ya Diamond Platnumz ilidukuliwa. Wadukuzi wakarusha mubashara mambo ya sarafu za kidijitali, kisha chaneli yenyewe ikatoweka. Huyo ni Diamond, mtu aliyefikisha watazamaji bilioni moja kwenye YouTube mwaka 2020, wa kwanza kati ya wasanii wa Afrika kusini mwa Sahara. Kwa muda, ukimtafuta pale, hayupo. Tofauti ni kwamba yake ilirudi baada ya siku chache. Ana watu wa kumpigania, na jina lake likipotea Afrika Mashariki nzima inapiga kelele. Anti akipotea, anayejua ni mimi na yule mama wa Umoja.

Na hawa jamaa wanafuta vitu vingi kuliko unavyofikiria. TikTok wenyewe walitangaza kwamba kati ya Januari na Machi 2025 waliondoa zaidi ya video 450,000 za Kenya na kufunga akaunti kama 43,000. Sisemi hizo zote zilionewa. Mimi nimeona zile laivu za usiku wa manane, nyingi zilistahili kwenda. Lakini kazi ya ukubwa huo haifanywi na watu walioketi mezani wakitafakari. Mashine ndiyo inachuja, na mashine ikikosea asilimia ndogo sana, hiyo asilimia ndogo ni maduka ya watu.

Halafu kuna mambo ambayo hayahusu kosa lako kabisa. Mwisho wa Januari 2024 mkataba kati ya TikTok na kampuni ya muziki ya Universal uliisha bila kuelewana. Nyimbo zikatolewa, na video ambazo watu walikuwa wametengeneza kwa nyimbo hizo zikabaki bubu. Mtu alikuwa na tangazo lake zuri, linaleta wateja, asubuhi anaamka limekuwa kimya kama filamu ya zamani. Walielewana tena Mei. Miezi mitatu hivi, matajiri wawili wanavutana, na aliyenyamazishwa ni wewe wa keki.

Jirani zetu Uganda walipata kitu kikubwa zaidi. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, serikali iliifunga Facebook, kisha intaneti nzima ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti ilirudi. Facebook iliendelea kufungwa kwa miaka, na mtu akitaka kuingia ilibidi apitie VPN. Sasa fikiria wewe ni fundi wa nguo Kampala, wateja wako wote walizoea kukuona pale. Wewe uko tayari kuweka VPN. Je, mteja wako wa miaka hamsini na tano ataiweka ili aone gauni? India nao waliifunga TikTok mwezi Juni 2020, nchi nzima, kwa tangazo la jioni moja. Na sisi tusijione tuko salama, kwa sababu Agosti 2023 ombi la kuipiga TikTok marufuku lilifika mpaka bungeni kwetu. Halikupita. Lakini Novemba mwaka huo huo, wakati wa mitihani ya KCSE, waliokuwa wanauza kupitia Telegram walijua inavyokuwa mtandao ukigoma na hakuna mtu amekuuliza.

Hii ingine huwa inaniudhi kivyangu. Watu wanadhani kwa kuwa hulipi, basi hakuna anayelipa. Tangu tarehe 1 Juni 2021, masharti ya YouTube kwa huku kwetu yanasema wanaweza kuweka matangazo kwenye video yako hata kama wewe hauko kwenye mpango wao wa kugawana pesa. Ili wakugawie pesa za matangazo unahitaji watu 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na mbili, au watazamaji milioni 10 wa zile video fupi ndani ya siku 90. Kabla ya hapo tangazo linaweza kupita na hupati hata ndururu. Sasa wewe unauza godoro. Mteja amekuja kutazama video ya godoro lako. Kabla haijaanza, anaonyeshwa tangazo la godoro la mtu mwingine, mwenye pesa ya kulipia. Umemleta wewe, kwa kazi yako, kwa bando lako, na kwenye mlango wa duka lako amesimama jirani na bango. Na video yako ikiisha, pembeni kuna zingine kumi. Ukurasa umejengwa ili mtu aendelee kutazama. Kununua kwako ni shida yako mwenyewe.

Ndio maana mimi siku hizi mtu akiniambia video yake imetazamwa na watu laki mbili, namuuliza wako wapi. Anti aliwahi kuwa na video moja iliyoenda mbali sana, tukashangilia, kisha tukaangalia: wengi walikuwa nchi ambazo basi la Sori haliwezi kufika. Watu wa huko walikuwa wanashangaa tu samaki wadogo namna hiyo. Kuna mmoja aliuliza kama ni chambo. Siku ile tuliuza gorogoro tatu. Na video nyingine, iliyotazamwa na watu 2,600 tu, ndiyo iliyomleta mama wa hoteli Pipeline ambaye bado ananunua kila giza.

Najua mtu atasema, si basi tuhamie WhatsApp. Sawa, lakini kumbukeni tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp zote zilizimika pamoja kwa karibu saa sita, dunia nzima, kwa sababu ni nyumba moja yenye milango mitatu. Tena ile orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi kwenye WhatsApp ina kikomo cha watu 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Watu wengi hawajui hilo. Wanatuma, wanangoja, wanasema wateja wamekuwa na madharau, kumbe wateja hawajaona chochote. Anti tulimfanyia hesabu: kati ya wale wa daftari, waliokuwa wamehifadhi namba yake hawakufika nusu.

Kwa hivyo tulianza na hilo. Sasa kila mzigo unaotoka una karatasi ndani, imefungwa kwenye nailoni isishike harufu, yenye jina la biashara na namba yake, na maneno: hifadhi hii namba. Mteja mpya akilipa, Anti anampigia simu kabla ya kutuma, na anamuuliza kama anaweza kumuandika ili amjulishe omena ikitoka. Wengi wanakubali. Anayekataa haandikwi, isipokuwa kwa ule mzigo mmoja. Hilo la kuuliza si adabu tu. Tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na inauma kweli: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Milioni moja na laki nane! Kwa hivyo nyinyi mnaopiga wateja video wakiwa wanakula, na nyinyi mnaookota namba za watu waliolipa kwa M-Pesa kisha mnawamiminia meseji, mjue mnacheza na moto.

Daftari bado lipo, limefika la tatu. Nami nimeliandika lote kwenye simu yangu na kwenye barua pepe, na memori kadi ya video iko na binti yake Migori. Ukurasa mpya umefunguliwa kwa namba ya Anti mwenyewe, laini aliyojisajilia, na nywila anaijua. Hili la mwisho naliona kila mahali na linanitia wasiwasi: duka la mama, akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya kijana aliyekuwa anamsaidia mwaka juzi, kijana ameenda Qatar, na simu ikiibiwa hakuna mtu anaweza kurudisha kitu. Kama wewe ndiye huyo kijana, tafadhali, wiki hii mrudishie mama duka lake.

Video bado tunapiga. Karibu kila siku za giza, asubuhi, pale pale kwenye nyavu. Tofauti ni kwamba mwisho wa kila moja Anti anataja namba yake ya simu kwa mdomo, polepole, mara mbili, kama wale watangazaji wa zamani wa matangazo ya vifo redioni. Nilimwambia watu wa mtandao hawapendi video ndefu. Akasema asiyeweza kungoja namba hatangoja omena ikauke. Na kweli tumepoteza watazamaji kidogo pale mwishoni, naona kwenye takwimu, wanaruka. Lakini simu zinaingia.

Tovuti je? Nimeulizwa sana. Kwa watu wengine ndiyo, kabisa. Kama unauza nguo au vitanda na una picha nyingi na bei, jina lako la .co.ke ni jambo la maana, kwa sababu mtu akikutafuta Google atakukuta kwako na sio kwa mtu. Video weka kule za bure zikae, lakini zimpeleke mtu kwako. Kwa Anti niliona haina haja bado. Wateja wake wanapiga simu. Kitu kilichomfaa zaidi ni meseji ya kawaida, SMS, ile ambayo vijana tunaicheka. Haihitaji bando upande wa mteja, inaingia hata kwenye mulika mwizi, na haijui kama mtandao wowote umefungwa. Sasa ana majina 260 na kitu, na kila mwezi ukianza kufifia anawaandikia mstari mmoja. Gharama yote haifiki bei ya gorogoro mbili.

Rufaa ya ule ukurasa wa zamani bado tunaituma mara moja moja, mimi zaidi kuliko yeye. Yeye aliacha kuuliza kitambo. Giza la mwezi huu linaanza Alhamisi, mashua zimeshapakwa lami, na Anti amenipigia mara mbili tangu asubuhi kuniuliza kama "omena safi bila mchanga" inatosha kwenye meseji moja au itamkata za meseji mbili.